Kisu Nyuma ya Mgongo

Video ile ilinifikia asubuhi nikiwa nakunja sambusa. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga, na simu ikawa inalia mfululizo juu ya meza, nami nikaiacha nikidhani ni oda. Mimi hupika nyumbani kwetu Shella, hapa Malindi: sambusa, kababu, na biriani watu wakiwa na shughuli. Nyama yangu yote ilitoka kwa baba, ambaye alikuwa mchinjaji tangu kabla sijazaliwa. Babu yetu alihama na kisu chake kutoka visiwa vya kaskazini, baba akakirithi, kisha akamfundisha kaka yangu. Hapa mtaani mtu akisema "nyama ya mzee", hakuna anayeuliza mzee yupi.

Niliponawa mikono na kuishika simu, nilimwona ng'ombe dume mwekundu amelala ubavu vumbini nyuma ya lori. Mlango wa lori ulikuwa wazi juu yake. Hapakuwa na ubao wala kitu chochote cha kushukia. Alikuwa amesukumwa tu akaanguka, na mguu wake wa mbele ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Wanaume walikuwa wakimvuta kwa kamba iliyofungwa kwenye pembe. Mmoja alikuwa ameushika mkia, anausokota kama mtu anayekamua shuka. Pembeni, mikono kiunoni, alisimama kaka yangu. Sauti yake niliijua kabla sijauona uso wake.

"Vuteni! Huyu si bibi harusi!"

Watu wakaangua kicheko. Ng'ombe mwenyewe hakulia. Alikuwa akivuta pumzi tu, pumzi ndefu zenye mlio. Halafu baba akatokea mlangoni mwa machinjio na kofia yake na kikoi chake, akija taratibu kwa ajili ya magoti yake mabovu. Mkono mmoja alikuwa ameuweka nyuma ya mgongo, nami nilijua ameshika nini. Ni adabu aliyotufundisha tukiwa wadogo: mnyama haonyeshwi kisu, wala hakinolewi mbele ya macho yake. Basi ng'ombe yule, kavunjika mguu, anaburutwa kwa pembe, na baba anamwendea huku amemfichia kisu. Video ikaishia hapo.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutazama kama uso wa baba unatambulika. Ulikuwa unatambulika.

Ilikuwa imeletwa kwenye kundi la akina mama wa mtaa, na kundi la wazazi wa shule, na kundi la ukoo wetu, ambako shangazi yangu aliandika neno moja tu: "Tumeaibika." Wengine waliandika mengi. Huyu ng'ombe alichinjwa au alikufa mwenyewe? Jamani, hii si ndiyo nyama tunayowalisha watoto? Subhanallah, tumelishwa mzoga. Wengine waliweka vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Mmoja aliandika kwamba siku hizi tumeiga mambo ya watalii, ati hata ng'ombe apigwe picha. Nilisoma yote, moja baada ya jingine, hadi mafuta yangu yakaungua jikoni. Hakuna aliyeuliza habari ya ule mguu. Mimi pia sikuandika kitu. Niliizima simu, nikafunga dirisha la barazani, kana kwamba watu wangeniona kupitia pale.

Baba alirudi mchana kula. Yeye hutumia simu ya vitufe, isiyoonyesha video, lakini habari alikwisha kuzipata njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe hicho kitu."

Nilimwambia ale kwanza. Akasema, "Nionyeshe." Akaishika simu yangu mbali na macho, kama asomavyo kila kitu. Ilipokwisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu akauliza, "Huyu anayecheka ni nani?"

"Sijui, baba. Wote wanacheka."

Kisha akasema, kama anayejieleza kwa mtu mwingine si kwangu, "Mimi huwa ndani. Wao humshusha mnyama, wakamlaza, wakamwelekeza kibla, ndipo naitwa. Miaka yote hii sijapata kusimama upande ule lori likishusha; siku ile niliitwa nje kwa kuwa hakuweza kuinuka." Akauweka ukucha wake juu ya kioo, pale penye mwili wake mwenyewe mdogo unaotembea. "Tazama nilivyokificha kisu."

Mwanzo nilidhani anajisifu. Halafu nikauona uso wake, nikaangalia sakafu. Chakula hakukigusa.

Jioni baada ya swala ya alasiri alikuja sheikh wa msikiti wetu. Mimi nilileta kahawa na haluwa, nikakaa nyuma ya pazia la mlango. Kaka alikuwepo, amevaa kanzu safi, ameshika tasbihi ambayo sijui aliitoa wapi. Sheikh alisema kwa upole kwamba watu wana wasiwasi, na ni haki yao. Je, mnyama alikuwa hai kisu kilipopita?

"Wallahi alikuwa hai," kaka akadakia. "Na daktari wa mifugo alikuwepo, akaipiga muhuri nyama. Hata damu ilitoka kwa nguvu, ilinirukia hapa."

Sheikh akamgeukia baba. Baba akasema, "Alikuwa hai. Alinitazama."

"Basi nyama ni halali," alisema sheikh. "Nitawaambia watu baada ya swala. Hakuna haja ya fitina."

Nilimsikia kaka akishusha pumzi. Mimi pia nilishusha yangu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria ni wateja gani niwapigie simu kwanza. Ndipo baba akauliza:

"Na mnyama je, sheikh?"

"Mnyama gani?"

Nyuma ya pazia mimi mwenyewe nilijiuliza hivyo hivyo. Naamini sheikh alilielewa swali polepole, kwa sababu niliusikia mlio wa kikombe kikiwekwa juu ya sahani, na sauti yake iliporudi haikuwa ile ya kutoa hukumu. "Mungu atusamehe sote," akasema. Akaaga, akaenda zake. Na kweli aliwaambia watu, na kufika Ijumaa makundi ya simu yalikuwa yanajadili bei ya nazi.

Kaka alitaka kumwendea aliyepiga ile video. Tulikuwa tunamjua. Ni jirani wa machinjio, mwanamke wa Kigiriama aliyejenga nyumba yake Muyeye, ukuta kwa ukuta na boma letu la ng'ombe. Baba akamkataza kaka, akasema atakwenda yeye, nami nifuatane naye kwa kuwa si vizuri mwanamume kwenda kugonga mlango wa mwanamke peke yake. Njia nzima nilikuwa naomba tusimkute. Nilimwona akituchungulia dirishani kabla hatujapiga hodi.

"Mzee," alisema mlangoni, "kama mmekuja kugombana, mume wangu hayupo."

"Sikuja kugombana, mwanangu. Nimekuja kukuuliza ulichokiona."

Alitukaribisha. Alitupa viti, yeye mwenyewe akasimama. Nilidhani atazungumza habari za huruma, na nilikuwa nimejiandaa kuzisikia, na hata kumchukia kwazo. Lakini alisema, "Mzee wangu, nisikudanganye. Mimi sikumhurumia ng'ombe. Maji yenu ya damu yanapita hapa mlangoni pangu. Nimemwambia mwanao hadi nimechoka. Nikasema, hawa nitawaaibisha, labda watasikia."

Baba akaitikia kwa kichwa. "Na siku nyingine huwaje? Wakati wa kuwashusha?"

"Huwaje vipi?"

"Huwa kama siku ile?"

Mwanamke alimtazama kama anayetazama mtu aliyeuliza kama bahari ina chumvi. "Mzee, ile ilikuwa siku ya kawaida tu. Mimi lori likifika hupandisha sauti ya redio."

Tulipotoka baba alisimama kidogo ameegemea ukuta wa yule jirani. Nilidhani ni magoti. Nikamshika mkono, na mkono ulikuwa baridi kama uliotolewa majini.

Kuanzia hapo alibadilika, na mabadiliko yake hayakuwa ya maneno. Kwanza aliita watu wakachimba mfereji, maji yakaelekezwa shimoni. Kisha akaita fundi akajenga kwa mawe ya matumbawe na saruji mteremko mpana, unaoanza usawa wa mlango wa lori na kushuka pole pole hadi chini, na juu yake saruji ikakwaruzwa mistari ili kwato zisiteleze. Akaweka pipa la maji chini ya kivuli. Akasema mnyama atashuka kwa miguu yake, atakunywa, atasimama hadi pumzi yake itulie, na hakuna atakayegusa mkia wa mtu. Ndivyo alivyosema, "mkia wa mtu", ulimi ukiwa umeteleza, na wafanyakazi wakaondoka na neno hilo wakalipeleka mjini.

Walimpa jina. Mkunga. Wachinjaji wengine walikuwa wakimwita hivyo sokoni mbele yake, kwa heshima ya uongo: "Mkunga, ng'ombe wako wamejifungua salama leo?" Kwenye jiko la harusi moja, nikiwa nimeinama juu ya sufuria la biriani, mama wa bibi harusi alinyanyua sambusa yangu mbele ya wanawake wote akasema, "Binti mkunga, huyu aliyemo humu alikufa usingizini, au mlimwimbia kwanza?" Wanawake wakapiga vigelegele. Nilicheka nao. Nilijifuta jasho kwa upindo wa kanga, nikautumia muda huo kuficha uso.

Nitasema kweli: aibu hii ya pili ilinichoma kuliko ile ya kwanza. Baba kuonekana ni mkatili, hilo watu walilisahau kwa wiki. Baba kuonekana ana huruma kwa ng'ombe, hilo hawakulisahau. Mtu mzima wa kiume, mchinjaji, mtoto wa mchinjaji! Nilipopita sokoni niliwaza kila kicheko ni chetu. Na usiku nikiomba Mungu, sikuomba kwa ajili ya mnyama yeyote. Niliomba baba aache.

Kaka alikuja siku moja kukaa nami jikoni. "Baba amezeeka," alisema. "Malori yanasubiri, wenye mabucha wananipigia simu wanalia. Tuwaambie tu watu kwamba kichwa chake hakiko sawa. Wataelewa. Watatuonea huruma, mambo yatakwisha."

"Kichwa chake ki sawa, kaka. Unajua."

"Basi kama ki sawa," alisema, "ni vibaya zaidi."

Lile neno la kichwa alikuwa ameshalisema kwa wengine kabla ya kuja kwangu. Asubuhi moja baba akanipigia kutoka machinjio. Hakunisalimu hata. "Njoo, na ndoo mbili."

Katika ukoo wetu wanawake hawaendi machinjio. Hakuna sheria, lakini hawaendi. Nilivaa buibui, nikapanda bodaboda nikiwa na ndoo mapajani, na nilipofika niliona lori limesimama pale pa zamani, mbali na ule mteremko, mlango wake wa nyuma umefunguliwa, ng'ombe wamebanana ndani. Na nyuma ya lori, pale ambapo ng'ombe wangeangukia, alikuwa amesimama baba. Amesimama tu, mikono imening'inia.

"Baba, toka hapo," kaka alikuwa anasema. "Dereva ana haraka. Wataruka, wamezoea."

"Hapa hawaruki."

"Unatutia aibu mbele ya watu!"

"Aibu ipo," baba akasema, na hakupandisha sauti. "Si mimi niliyeileta leo." Kisha akaniona. "Mwanangu, teka maji. Huyo wa mbele amechoka, hawezi kusimama bila kunywa."

Wanaume walikuwa wamejaa: wapakiaji, wenye mabucha waliokuja kungoja nyama, na wapita njia waliosikia kuna mzee amezuia lori. Nilitembea kati yao na ndoo. Mtu akasema, "Leo tumeletewa hadi nesi," na kicheko kikaenda na kurudi. Sijawahi kuona umbali mrefu kama ule kutoka penye pipa hadi penye lori. Chini ya ushungi masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Niliomba lori liondoke, au mimi nipotee. Nilipoinua ndoo kati ya mbao, maji yalinimwagikia kifuani.

Ng'ombe alinusa. Alikuwa amepiga magoti, na mwenzake alikuwa amemkanyaga kwato ya nyuma. Akaingiza pua yote ndani ya ndoo, akanywa kwa sauti, bila kupumzika, na alipoyamaliza aliuramba mkono wangu. Ulimi wake ulikuwa unakwaruza kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Miaka yote nimeikata nyama, nimeisaga, nimeitia bizari na dania, na sikuwa nimeguswa na ng'ombe aliye hai hata siku moja.

"Mwingine," alisema baba. Nikaenda kuteka.

Sijui nilikwenda mara ngapi. Mwishowe dereva ndiye aliyechoka. Hakuguswa na lolote. Alisema tu kwamba anapoteza siku yake, akapanda, akarudisha lori nyuma hadi kwenye mteremko. Ng'ombe wa kwanza alifika katikati akasimama, anaitazama ile saruji. Kaka akanyanyua fimbo. Baba akamwonyesha kiganja, basi. Tukasimama sote, umati mzima, tukimngoja ng'ombe afanye uamuzi wake. Halafu akashuka, na waliokuwa nyuma yake wakamfuata, wakaenda moja kwa moja kivulini. Hakuna aliyesema neno jema. Mmoja alisema, "Haya, sinema imekwisha," na watu wakatawanyika. Kaka alikuwa ametazama ukutani. Nilitaka kumwambia kitu, yeye ni kaka yangu na nilijua jinsi uso wake ulivyokuwa unawaka, kwa sababu na wangu ulikuwa hivyo hivyo. Nilipita na ndoo zangu tupu.

Hakukaa sana baada ya hapo. Alihamia machinjio mengine, upande wa kuelekea Kilifi, na wenye mabucha wengi walimfuata, kwa kuwa kwake kazi inakwenda haraka. Idd anakuja na watoto, anambusu baba mkono, wanazungumza habari za mvua. Baba amebaki na wateja wachache na wanyama wachache. Siku nyingine hakuna lori kabisa. Hukaa kwenye kiti cha kamba penye kivuli na pipa lake limejaa maji.

Mimi nanunua kwake ninapoweza. Shughuli ikiwa kubwa, nyama yake haitoshi, na hapo hununua kwa kaka. Yeye hunichagulia pande zuri, hatulizungumzi lile jambo. Naleta nyumbani, naisaga, naitia vitunguu, na sambusa za nyama ile huisha upesi sawasawa na za nyama ya baba. Hakuna mteja aliyewahi kuonja tofauti. Nimewahi kujaribu kuionja mwenyewe, nimesimama jikoni na sambusa mbili, moja mkono huu na moja mkono huu. Mimi pia sikuionja.

Mwezi uliopita nilikuwa nimepeleka oda Matsangoni, na nilikuwa nimesimama kando ya barabara nangoja gari la kurudi Malindi. Ikaja pikipiki ikasimama karibu nami, dereva anataka kununua maji. Nyuma yake alikuwa amefunga mbuzi wawili, mmoja kila upande, miguu yote minne pamoja, vichwa vinaning'inia karibu na bomba la moshi. Mmoja wao macho yake yalikuwa wazi na ulimi umetoka. Jua lilikuwa la saa saba.

Palikuwa na watu, kama kawaida ya pale.

"Kijana," nilisema, "hebu mfungue huyu mbuzi kidogo apumzike. Ataungua na hilo bomba."

Aligeuka akanitazama, kisha akawatazama mbuzi wake. Hakuwa na ubaya usoni. "Unanunua, mama?"

"La."

"Basi?"

Mama mmoja aliyekuwa anauza korosho kwenye ungo alicheka, si kwa kunikejeli, alicheka kama mtu anayetaka kunisaidia nitoke pale. "Kwani ni mbuzi wako, dada?"

"Si wangu," nikasema.

Dereva akanywa maji, yaliyobaki akajimwagia kichwani, akawasha pikipiki. Nilibaki nimesimama, watu wananitazama, nami nikajifanya natafuta kitu ndani ya mkoba.